Kutoka murongo hadi gramu: shajara ya jedwali la vipimo vya jikoni, Bukavu

6 Aprili 2024. Lengo, vifaa, gharama

Katika masoko ya Kadutu na Nyawera, hapa Bukavu, vitu vikavu vinauzwa kwa murongo (chombo cha kupimia cha wauzaji), kwa kopo la nyanya au kwa rundo. Mapishi ya Kifaransa yanataka gramu na sentilita, ya Kimarekani yanataka vikombe. Anayekaanga mandazi ya kuuza, au anayechanganya unga wa uji wa watoto, anabaki kukisia katikati ya hayo matatu. Tunatengeneza jedwali moja la vyakula vya hapa, pamoja na kikombe na vijiko ambavyo yeyote anaweza kujitengenezea nyumbani na kupata namba zilezile.

Vilivyonunuliwa: mizani ya dijitali ya kilo 5 inayosoma gramu moja moja, dola 14, betri ya akiba, dola 1, vikombe vya plastiki ngumu, vyembamba na virefu, viwili kwa dola 1.5, sirinji ya mililita 60 na nyingine ya mililita 10 kutoka duka la dawa, dola 1.5 zote mbili. Kipande cha kioo bapa na karatasi ya msasa, dola 1. Jumla dola 19. Msumeno wa chuma ni wa kuazima. Unga, mchele na maharagwe vilipikwa baada ya kupimwa, kwa hiyo havimo katika hesabu.

13 Aprili. Kuikagua mizani kabla ya kuiamini

Mawe ya mizani ya kukagulia hatuna, lakini dola zipo mikononi mwa watu kila siku. Noti ya dola, iwe ya 1 au ya 100, ina uzito wa karibu gramu 1. Noti 20 safi zikiwekwa pamoja lazima zisome 20. Usitumie zilizochakaa au zilizoloa, zinapotosha.

Kwa uzito mkubwa tulitumia maji. Sirinji kubwa ikijazwa hadi 50 na kumwagwa mara kumi inatoa nusu lita. Mizani ilisoma 497, na inaelekea kila atakayeijaribu hapa ataona pungufu kama hilo. Sababu ni mbili. Kwanza, maji ya nyuzi 20 yana gramu 998 kwa lita, siyo 1,000 kamili. Pili, mizani ya dijitali inapima nguvu inayokandamiza sahani yake, na nguvu hiyo inategemea mvuto wa dunia mahali ulipo. Bukavu iko karibu na Ikweta, tena juu ya bahari kwa mita 1,500 hivi, na mvuto wa hapa ni pungufu kwa asilimia 0.3 hivi kuliko ule wa wastani ambao mizani nyingi hutegwa nao kiwandani. Kilo moja halisi itasoma karibu 997. Mizani ya mawe haina shida hiyo, kwa kuwa jiwe na mzigo vyote vinavutwa sawasawa.

Kwa chakula, asilimia 0.3 haidhuru kitu, na hatusahihishi chochote kwa ajili yake. Tunaiandika ili mtu asije akatupa chombo kizuri akidhani kinapunja: hapa lita ya maji ikisoma 995, chombo ni kizima.

Kasoro inayodhuru ni nyingine. Mizani hizi hujirudisha zenyewe kwenye sifuri pale zinapodhani kwamba badiliko dogo ni la upepo. Ukimwaga chumvi punje kwa punje, mizani inazimeza zote: imeshaingia gramu 3 au 4 na kioo bado kinaonyesha 0. Dawa yake ni kuweka chombo, kumwaga kwa mkupuo, kisha kuinua chombo na kukirudisha. Namba ya pili ndiyo ya kushika. Na kwa vitu vya gramu chache usipime kimoja, pima kumi ugawanye.

Meza isiyumbe, na mizani ikae mbali na mbabula. Joto la makaa na upepo wake vinafanya namba zicheze.

20 Aprili. Kikombe cha mililita 250

Tumechagua 250 kwa sababu ni sentilita 25 za mapishi ya Kifaransa, na ni robo lita isiyohitaji hesabu. Kikombe cha Kimarekani ni karibu mililita 237, pungufu kwa asilimia 5 hivi. Kama pishi zima limeandikwa kwa vikombe, tofauti hiyo haina neno, kwa kuwa kila kitu kinaongezeka pamoja. Shida inaingia pale vikombe vinapochanganyika na mayai au na pakiti ya chachu, maana hivyo havikui pamoja na kikombe chako.

Vikombe vya kupimia vyenye mistari, vinavyouzwa madukani, havikutufaa. Kimoja tulichokikagua, mstari wake wa 250 ulishika maji ya 266. Lakini hata mstari ungekuwa sahihi, kikombe cha mstari ni cha vitu vya maji tu. Unga hausawaziki wenyewe ndani ya kikombe; ukiutikisa ulale sawa, umeshaushindilia. Kitu kikavu kinataka kikombe ambacho ukingo wake ndio kipimo, ili upitishe mgongo wa kisu juu yake. Maji yanataka kinyume chake: mstari ulio chini ya ukingo, yasimwagike.

Kwa hiyo kikombe kimoja kimekatwa. Kiweke juu ya mizani, futa uzito wake, mimina maji mpaka isome 249 (ndiyo mililita 250 kwa mizani ya hapa), piga alama mahali uso wa maji ulipo, ukitazama jicho likiwa sawa na maji. Alama ya kalamu ya wino ilifutika kwa maji ya sabuni, kwa hiyo tulikwangua kwa ncha ya msumari. Kata milimita 2 juu ya alama, halafu shuka polepole kwa msasa, ukipima tena na tena. Ili kujua kimejaa kweli, telezesha kioo juu ya ukingo: pasibaki povu la hewa chini yake, na maji yasifurike.

Uchague kikombe chembamba. Chenye mdomo wa sentimita 6, milimita 2 za kosa ni mililita 6 tu. Chenye mdomo wa sentimita 9, milimita zilezile 2 ni karibu mililita 13, na hiyo ni asilimia 5 ya kikombe kizima.

4 Mei. Unga wa ngano: kikombe kimoja, uzito wa aina nne

Gunia lilelile, kikombe kilekile, mkono uleule. Kila namna ilirudiwa mara tano na kuchukuliwa wastani.

Unga uliochekechwa moja kwa moja ndani ya kikombe na kusawazishwa: gramu 115. Uliotiwa kwa kijiko kidogo kidogo na kusawazishwa: 130. Kikombe kilichochovywa ndani ya gunia na kusawazishwa: 152. Kilichochovywa kisha kikagongwa mezani na kujazwa tena: 168.

Hapo ndipo mapishi mengi ya mandazi yanapoharibika bila mpishi kujua kosa liko wapi. Chukua pishi la vikombe 4 vya unga na mililita 300 za maji. Kwa kijiko unapata gramu 520 za unga, na maji ni asilimia 58 ya unga: donge laini linalofuata mkono. Kwa kuchovya unapata gramu 608, na maji yameshuka hadi asilimia 49: donge linakaza, halitanuki, mandazi yanatoka mazito na yanapasuka pembeni. Mpishi anasema chachu imekufa, anaongeza chachu, na mandazi yanatoka mazito yaleyale yakiwa na harufu ya pombe juu yake.

Namba bila namna ya kujaza haina thamani. Tangu leo kila mstari wa jedwali unataja namna yake: kijiko, kumimina au kugonga. Kwa unga wa ngano tumeshika ya kijiko, kwa sababu ndiyo iliyotofautiana kidogo zaidi kutoka mkono mmoja hadi mwingine: gramu 126 hadi 134. Kuchovya kulitoa 143 hadi 160, kufuatana na jinsi unga ulivyolala ndani ya gunia.

18 Mei. Muhogo na mahindi, na mvua

Unga wa muhogo uliomiminwa ulikuwa na gramu 130 kwa kikombe, na ukafika 165 baada ya kugongwa. Wa mahindi: 150 na 178.

Muhogo una tatizo la ziada, nalo ni unyevu. Mvua za Bukavu bado zinanyesha, na unga unaotoka sokoni unashikana ukiubana kiganjani. Gramu 100 zilizotandazwa kwenye sinia juu ya moto mdogo, zikikorogwa mpaka uzito ukaacha kushuka, zilibaki 86. Yaani katika kila kilo unayolipia, gramu 140 ni maji. Tena unga mbichi hauaminiki kikombeni: mabonge yake yanaacha mapengo, kwa hiyo ukimiminwa unaonekana mwepesi, na ukibanwa kidogo tu unazama sana. Uchekeche kwanza, ndipo uupime. Jaribio hili tutalirudia kiangazi.

Kwa bugali hakuna haja ya gramu, mwiko unajua. Lakini kwa mkate wa kuchanganya ngano na muhogo haja ipo. Asilimia 10 ya muhogo inafichika ndani ya mkate. Ikizidi sana, donge linapoteza nguvu ya kushikilia hewa, kwa kuwa muhogo hauna gluteni. Kijazo cha mkono mzito kinaweza kukuvusha mpaka huo bila kujua.

1 Juni. Murongo: mfuto na kilele

Murongo tulioupima una mdomo wa sentimita 13 na kimo cha sentimita 13. Maji: mililita 1,720.

Maharagwe ya mfuto, yaliyosawazishwa kwa kijiti, yalikuwa na gramu 1,340. Ya kilele, jinsi mama muuzaji anavyoyajaza mpaka yaanze kuporomoka: 1,470. Kwa hiyo wanaohesabu murongo wa maharagwe kuwa kilo moja na nusu wako karibu na kweli, mradi uwe wa kilele. Mchele wa mfuto: 1,430, wa kilele: 1,550. Lakini murongo uleule wa unga wa muhogo, mfuto wa kumimina, ulitoa gramu 895 tu. Anayeuhesabu nao kuwa kilo moja na nusu anapunjika zaidi ya theluthi.

Kilele kina hesabu yake. Maharagwe yanaporomoka yakifika mteremko wa nyuzi 30 hivi, na kwa mdomo wa sentimita 13 hiyo ni koni ya mililita 165 hivi. Unga unashikana, unasimama hadi nyuzi 45 na zaidi, na koni yake inafika mililita 290. Ndiyo maana kilele cha unga kinajaza jicho kuliko cha maharagwe, ingawa kwenye mizani hakizidi gramu 150 au 160. Tena koni inakua kwa haraka kuliko mdomo: mdomo ukipanuka mara mbili, kilele kinakuwa mara nane. Katika vyombo viwili vyenye ujazo sawa, kilichotandaa na kuwa kifupi kinampa mnunuzi zaidi.

Chunguza na kitako. Kitako kilichobonyezwa kwenda ndani kwa sentimita 1 kwa upana wote kinakula mililita 130, ambayo ni gramu 100 za maharagwe. Kidole kinakigundua kabla ya jicho.

Sambaza (samaki wadogo) waliokaushwa hawaingii katika jedwali hili kabisa. Wanalala hovyo, mikia juu, na chombo kilekile kikijazwa mara mbili kinatoa uzito wa aina mbili ulioachana sana. Hao ni wa mizani tu.

15 Juni. Unga wa masoso

Hili ndilo lililotufanya tuone jedwali lina kazi kubwa kuliko mandazi. Masoso ni mahindi, soja na mtama, uji wa watoto. Mchanganyiko mmoja unaotumika ni 2 kwa 1 kwa 1: nusu mahindi, robo mtama, robo soja, na unakusudiwa kwa uzito. Nyumbani unapimwa kwa vikombe.

Kwa kikombe chetu, unga wa soja uliotiwa kwa kijiko una gramu 92 tu, kwa sababu ni mwepesi na umejaa hewa. Mahindi vikombe 2 ni gramu 300, mtama kikombe 1 ni 140, soja kikombe 1 ni 92. Jumla 532, na soja imekuwa asilimia 17 badala ya 25. Soja ndiyo inayoleta sehemu kubwa ya protini katika uji huo. Mtoto anashiba, lakini kile alichopikiwa uji kwa ajili yake kimepungua kwa karibu theluthi, na rangi ya unga haikuonyeshi.

Namna ya kurekebisha kwa vikombe: mahindi 2, mtama 1, soja 1 na sita ya kumi. Kwa vitendo ni kikombe kimoja na nusu, halafu vijiko viwili vya mezani vya mfuto juu yake. Njia iliyo bora zaidi ni kuchanganya nafaka zikiwa bado punje, kabla ya kinu. Punje za aina zote tatu zinakaribiana uzito kikombeni, na kosa la vikombe linakuwa dogo. Kaanga soja kwanza, uipime baada ya kukaangwa.

29 Juni. Mawese na vitu vya maji

Mafuta ya kupikia ya maji: gramu 230 kwa kikombe. Maziwa: 258. Asali: 355. Hivi havina ubishi, havishindiliki.

Mawese yana ubishi asubuhi. Baridi ya Bukavu inayagandisha nusu: juu ya chupa mafuta mekundu mepesi, chini uji mzito wenye chembechembe. Kikombe kilichochotwa kutoka chini kilitoka 208, kwa sababu ya mifuko ya hewa inayobaki katikati ya mabonge. Mawese yaleyale yakiyeyushwa yalitoa 225. Simamisha chupa ndani ya sufuria ya maji ya moto mpaka mafuta yote yawe ya rangi moja, itikise, ndipo umimine. Usiyachote ya juu peke yake, utabakiwa na chupa ya mgando.

Anayelinganisha bei ya kilo na bei ya lita akumbuke kwamba lita 20 za mawese ni karibu kilo 18.

13 Julai. Vijiko, chumvi, chachu

Vijiko vya mezani vya nyumba mbalimbali, vilivyojazwa maji kwa sirinji ya 10, vilishika kuanzia mililita 9 hadi 14. Mapishi yanakusudia 15. Vya chai: 3 hadi 5, mapishi yanakusudia 5. Hakuna haja ya kununua vijiko vya kupimia: jaza sirinji, chagua kijiko cha plastiki chenye kina kinachozidi 15 kidogo tu, kipige msasa ukingoni mpaka kishuke hadi 15.

Chumvi laini: gramu 6 kwa kijiko cha chai cha mfuto. Cha kilele kilifika 10. Mkate unataka karibu gramu 20 kwa kilo ya unga, basi vijiko vitatu vya kilele tayari vimeuharibu. Chumvi ya mawe haina namba moja, inategemea ukubwa wa chembe. Isage kwanza au ipime kwa mizani.

Chachu kavu ya punje ndogo: gramu 3 kwa kijiko cha chai, kwa hiyo pakiti ya gramu 11 ni vijiko vitatu na theluthi mbili. Pishi la Kimarekani linalosema pakiti moja linakusudia pakiti ya gramu 7. Ukiitia ya 11 nzima, donge linafura kabla hujawasha moto. Hamira ya unga ya keki (baking powder, siyo chachu): gramu 4.5 kwa kijiko cha chai, na pakiti yake ya Kifaransa ya gramu 11 ni vijiko viwili na nusu.

27 Julai. Jedwali kama lilivyo sasa

Kikombe cha mililita 250, mfuto, kwa gramu:

Kwa kijiko: unga wa ngano 130, unga wa soja 92, maziwa ya unga 120.
Kwa kumimina baada ya kuchekecha: muhogo 130, mahindi 150, mtama 140.
Kwa kumimina tu: mchele 207, maharagwe 195, karanga zilizobanguliwa 152, sukari nyeupe 211, chumvi laini 300.
Maji 250 (mizani ya hapa inasoma 249), mafuta 230, mawese yaliyoyeyuka 225, maziwa 258, asali 355.

Muhogo wa kiangazi umepimwa tena: gramu 100 zilibaki 89 juu ya moto, dhidi ya 86 za Mei. Kwa kumimina, uzito wa kikombe haukubadilika vya kutosha kubadili mstari wa jedwali, ila mabonge yamepungua na mikono tofauti inakubaliana zaidi.

Maziwa ya unga yana alama ya tahadhari. Aina mbili zilizopimwa ziliachana kwa gramu 20 kwa kikombe, kutokana na jinsi kiwanda kinavyoyakausha. Namba ya 120 ni ya katikati. Ukiwa na aina yako, pima kikombe kimoja, uandike uzito juu ya kopo.

Fanya hivyo pia kila unapofungua gunia jipya la unga wa ngano: kikombe kimoja kwa kijiko, juu ya mizani. Kikiangukia kati ya 126 na 134, endelea na jedwali. Kikitoka nje ya hapo, chekecha unga na upime tena kabla ya kugusa kiasi cha maji. Kinachobaki ni unga wa ulezi na dagaa waliosagwa. Vyote viwili vitaingia pindi tutakapopata vilivyosagwa kwenye kinu zaidi ya kimoja, maana usagaji wa kinu kimoja hautoshi kutoa namba ya kumpa mtu mwingine.